Safu ya kaboni: jinsi ya kupunguza hewa ukaa ya jengo tangu msingi hadi kubomolewa

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Napokea michoro, napima kila kilichochorwa, kisha naandika kwenye jedwali: mita za ujazo za zege, kilo za nondo, mita za mraba za lipu, idadi ya milango. Wasanifu wengi hawafurahi kuniona, maana mimi ndiye ninayewaambia ndoto yao inagharimu kiasi gani. Siku hizi nimewapa sababu ya pili. Jedwali langu lina safu moja zaidi, kulia kwa ile ya fedha, na ndani yake naandika kilo za hewa ukaa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka jumla ya safu hiyo ishuke. Uwe mwenye jengo, mhandisi, fundi mkuu au mwanafunzi, hesabu ni hiyo hiyo, na jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Unachohitaji ni vipimo, viwango vya kuzidishia, na ujasiri wa kuuliza maswali kabla michoro haijagongwa mihuri. Ikishagongwa, kilichobaki ni kuchagua rangi.

Unahesabu nini hasa

Jengo hutoa hewa ukaa kabla mtu hajahamia, kwa kuchimba malighafi, kuchoma saruji, kuyeyusha chuma, kusafirisha na kujenga. Hutoa tena miaka yote ya matumizi, kwa umeme, gesi, viyoyozi na vitu vinavyochakaa na kubadilishwa. Hutoa mara ya mwisho linapobomolewa. Kiwango cha Ulaya cha EN 15978, cha mwaka 2011, kimezipa hatua hizi herufi utakazozikuta katika kila hati ya kaboni: A ni vifaa na ujenzi, B ni matumizi, C ni mwisho wa jengo. Ipo pia D, yaani faida inayoweza kupatikana baadaye vifaa vikitumika tena. D huandikwa pembeni, haichanganywi na jumla. Mtu akikuletea jumla nzuri kupita kiasi, angalia kama hakuipenyeza D humo kimyakimya.

Lazima pia mkubaliane miaka ya kuhesabia. RICS, taasisi ya wapimaji ya Uingereza, iliyotoa mwongozo wake wa kaboni ya maisha yote ya jengo mwaka 2017 na kuuhuisha mwaka 2023, hutumia miaka 60. Nami natumia 60, ili hesabu zangu zilinganishwe na za wengine.

Kabla ya kupima chochote, uliza umeme wa jengo utatoka wapi. Umeme wa makaa ya mawe hutoa takribani kilo moja ya hewa ukaa kwa kila uniti. Wa gesi asilia hutoa kama nusu ya hapo au pungufu kidogo, na wa maji, upepo au jotoardhi hutoa sehemu ndogo sana. Kwa hiyo jengo linalokula uniti 10,000 kwa mwaka litatoa tani 10 kila mwaka likiwa kwenye gridi ya makaa, na sehemu ndogo tu ya hizo likiwa kwenye gridi ya maji. Jengo ni lile lile, lakini majibu ni mawili. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema popote ulipo anza na taa na viyoyozi. Gridi ikiwa safi, mzigo mkubwa uko kwenye zege na chuma. Gridi ikiwa chafu, hesabu zote mbili ni nzito, ila bado kuna tofauti: hewa ukaa ya vifaa hutoka yote kwa mkupuo kabla mlango haujafunguliwa, na hakuna ukarabati utakaoirudisha, wakati ile ya umeme inaweza kupungua mwaka hadi mwaka jinsi gridi inavyobadilika.

Swali ambalo halimo kwenye mchoro

Je, ni lazima kujenga? Msingi, nguzo na sakafu ndizo sehemu zenye kaboni nyingi kuliko zote, na ndizo zinazodumu kuliko zote. Kubomoa jengo lenye mifupa mizima kwa sababu vyumba vyake vina giza ni kutupa kilicho ghali ili kutatua tatizo la bei nafuu.

Mfano ninaoupenda uko Bordeaux, Ufaransa, katika mtaa wa Grand Parc. Majengo matatu ya ghorofa ya miaka ya 1960, yenye nyumba 530, yalikuwa na madirisha madogo na vyumba vya kubana. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao, hawakuyavunja. Walisimamisha muundo mpya upande wa nje, kila nyumba ikapata baraza pana yenye vioo vya kufungua na kufunga, na wakazi walibaki ndani kazi ikiendelea. Ilikamilika mwaka 2017, na baraza hizo huwakinga dhidi ya baridi wakati wa kipupwe. Mwaka 2021 Lacaton na Vassal walipewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo.

Ukiwa na jengo la zamani, mlipe mhandisi alichunguze kabla hujamlipa mtu wa kulibomoa. Atakata vipande vya zege na kuvipima nguvu, atatafuta nondo kwa kifaa chake, ataangalia kutu, kisha atakwambia jengo linabeba nini. Gharama ya uchunguzi huo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya msingi mpya.

Kama kujenga hakukwepeki, punguza ukubwa. Katika vikao huwa nauliza kila chumba kitatumika saa ngapi kwa wiki. Swali hilo huleta ukimya, halafu chumba cha mikutano na chumba cha mafunzo huwa kimoja. Maegesho ya chini ya ardhi ndiyo ninayoyapiga vita zaidi: kuta nene za kuzuia udongo, sakafu ya kuzuia maji, uchimbaji, na feni za kutoa moshi kwa miaka yote 60, ili magari yapate kivuli.

Kuitengeneza safu yenyewe

Chukua jedwali la vipimo ulilonalo. Geuza kila kitu kiwe kilo, zidisha kwa kiwango chake cha hewa ukaa, kisha panga kuanzia kikubwa hadi kidogo. Viwango vya jumla utavipata kwenye kanzidata ya ICE, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Bath na Geoff Hammond na Craig Jones, nayo hupatikana bure. Hivi ndivyo ninavyoanza navyo kabla sijapata vya kiwanda husika:

- saruji ya Portland ya kawaida: kilo 0.8 hadi 0.9 kwa kila kilo
- chuma kilichotengenezwa kwa mawe ya chuma na makaa: takribani kilo 2 kwa kila kilo
- chuma kilichoyeyushwa kutoka chakavu kwa tanuru la umeme: kama kilo 0.6, hupanda au kushuka kulingana na umeme wenyewe
- dizeli ya mitambo: kilo 2.7 kwa kila lita
- lori: takribani kilo 0.1 kwa kila tani kwa kila kilomita

Aluminiamu nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu inayumba mno. Ile mpya iliyotengenezwa kwa umeme wa makaa inaweza kupita kilo 15 kwa kilo moja, na iliyorejelezwa huhitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ya ile mpya. Hapo usikisie. Mwombe muuzaji tamko la kimazingira la bidhaa, hati iliyohakikiwa na mtu wa tatu chini ya kiwango cha EN 15804. Soma jina la kiwanda, kipimo kilichotumika (kilo, mita ya mraba au kipande) na tarehe ya mwisho, maana hati hizi kwa kawaida huisha baada ya miaka mitano. Nimewahi kuletewa tamko zuri sana la bidhaa ya kiwanda kingine kabisa, cha bara jingine. Muuzaji alitabasamu tu.

Ukishapanga safu, utaona kwamba mistari michache ya juu imebeba karibu mzigo wote. Katika jengo la ghorofa, sakafu za zege huwa juu kabisa, zikifuatiwa na msingi, nondo, na kuta za nje kama ni za vioo na aluminiamu. Bawaba, swichi na mabomba madogo ziache mwisho, hata kama ndizo zilizochukua kurasa nyingi za jedwali.

Zege ndipo pa kukaa muda mrefu

Saruji hutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa haitokani na moto. Chokaa ya mawe inapochomwa hadi kuwa klinka, yaani madonge yanayosagwa kupata saruji, katika joto la nyuzi 1,450 hivi, jiwe lenyewe hupasuka kikemia na kuachia hewa ukaa iliyokuwa ndani yake. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa ya klinka hutoka humo. Kiwanda kikihamia kwenye nishati safi kabisa, sehemu hiyo itabaki pale pale. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kutumia klinka kidogo, na mpangilio wangu ni huu: kwanza zege kidogo, kisha saruji kidogo ndani ya zege, kisha klinka kidogo ndani ya saruji. Watu hupenda kuanzia mwisho kwa sababu hapo hawamuudhi mtu.

Zege kidogo maana yake ni kuzungumza na mhandisi wa miundo kuhusu umbali kati ya nguzo. Sakafu inayovuka mita 7 huhitaji unene mkubwa kuliko inayovuka 5, na unene huo unaulipia kwenye kila mita ya mraba, kisha kwenye nguzo zinazoubeba, kisha kwenye msingi. Tuchukue sakafu ya mita za mraba 200. Ikiwa na unene wa milimita 200 ni mita za ujazo 40. Kwa kilo 350 za saruji ya kawaida katika kila mita ya ujazo, hiyo ni tani 14 za saruji, sawa na takribani tani 12 za hewa ukaa. Nondo za kilo 100 kwa kila mita ya ujazo ni tani 4, na kama zimetoka kwenye tanuru la makaa, ongeza tani 8. Jumla ni karibu tani 20. Kokoto na mchanga wote, pamoja na wingi wake, haufiki nusu tani.

Sasa sogeza nguzo. Unene ushuke hadi milimita 150, saruji iwe kilo 320, theluthi ya klinka yake ibadilishwe kwa kitu kingine, na nondo kilo 3,300 za chuma chakavu. Saruji inatoa tani 5.3, nondo tani 2. Jumla ni tani 7 na kitu. Nguzo za ziada zitakula sehemu ya akiba hiyo, nazo zihesabu. Sakafu za mbavu, ambazo zege limeondolewa mahali lisipofanya kazi, hukupeleka mbali zaidi, ila fundi wa fomu za kumwagia zege atataka malipo yake na ana haki.

Wahandisi huongeza unene kwa hofu, na hofu hiyo hujumlishwa juu ya tahadhari ambazo tayari zimo ndani ya viwango. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Muiris Moynihan na Julian Allwood, walichapisha uchunguzi wa mihimili ya chuma katika majengo 23, wakakuta kwa wastani imetumiwa chini ya nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo mwombe mhandisi akupe, kwa kila mhimili, asilimia ya uwezo inayotumika. Si tusi. Ukiona 40 kila mahali, kuna tani zinazokaa bure.

Kuhusu klinka, ulizia saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano, au udongo uliochomwa. Aina ya LC3, iliyokuzwa na Karen Scrivener wa chuo kikuu cha EPFL nchini Uswisi pamoja na watafiti wa Cuba na India, huwa na klinka kama nusu, udongo uliochomwa asilimia 30, chokaa ya mawe isiyochomwa asilimia 15 na jasi kidogo. Udongo huo huiva katika nyuzi 800 hivi na haubebi hewa ukaa ya kuachia, kwa hiyo jumla hupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Majivu ya mitambo ya makaa na masalia ya tanuru la chuma hufanya kazi vizuri pia, lakini yanayofaa duniani karibu yote yana wanunuzi. Ukiyachukua wewe, mwingine atayakosa. Chuma chakavu nacho ni hivyo hivyo: hakitoshi watu wote. Ndiyo maana naiamini zaidi kilo ya nondo iliyofutwa kwenye mchoro kuliko ile iliyobadilishwa chanzo.

Saruji hizi zina tabia moja: hukomaa taratibu. Mkataba ukidai nguvu kamili kwa siku 28, msambazaji ataongeza saruji ili afaulu mapema, na akiba yako imekwisha. Kwa msingi na nguzo za chini, ambazo hazitabeba mzigo wote kwa miezi mingi, andika siku 56. Futa pia kile kifungu cha kiwango cha chini cha saruji kinachozidi matakwa ya uimara, ambacho hunakiliwa kutoka mkataba hadi mkataba. Halafu simamia umwagiliaji. Zege la pozolana lililoachwa likauke kabla ya wakati litabaki dhaifu, na lawama itaangukia saruji badala ya mtu wa mpira wa maji.

Kuta, mbao na paa

Kuta za majengo ya chini hazihitaji tofali la kuchomwa kwenye tanuru la kuni. Tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine, likitiwa asilimia 5 hadi 10 ya saruji, hubeba ghorofa moja au mbili bila shida likikingwa mvua. Msanifu Francis Kéré alijenga hivyo shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001: kuta za udongo ulioshindiliwa, dari ya tofali, na bati lililoinuliwa juu ya dari kwa kenchi za nondo ili hewa ipite katikati na kulitoa joto. Udongo upimwe kwanza. Ukizidi mfinyanzi, tofali litapasuka hata uweke saruji kiasi gani.

Mbao ni nzuri, na hapo ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, kwa hiyo kilo moja imeshikilia kama kilo 1.8 za hewa ukaa. Imeshikilia tu. Ikioza au ikichomwa huirudisha. Andika kiasi hicho kwenye mstari wake peke yake, usikitoe kwenye jumla, na dai ushahidi kwamba msitu umepandwa upya. Bila ushahidi huo, siandiki mstari wowote.

Miaka ya kuishi humo

Jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, linapenya dirishani, na hakuna ukingo wa paa unaolizuia vizuri. Kwa hiyo kwenye joto, elekeza pande ndefu za jengo kaskazini na kusini, punguza madirisha ya mashariki na magharibi, na weka kivuli nje ya kioo. Pazia la ndani hulikaribisha joto kwanza, ndipo lilifiche. Paa lipakwe rangi nyeupe. Feni ya dari itakuruhusu kupandisha kiyoyozi digrii mbili tatu bila mtu kulalamika. Penye baridi, fedha iende kwenye kihami cha kuta na paa na kuziba mianya. Nyumba ya kwanza ya Passivhaus, aina ya nyumba inayohitaji nishati kidogo sana, iliyojengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, ilionyesha kuwa uniti 15 za kupashia joto kwa mita ya mraba kwa mwaka zinatosha. Kinachobaki kifanywe na pampu ya joto, ambayo kwa uniti moja ya umeme huleta tatu hivi za joto.

Gesi ya ndani ya kiyoyozi ndiyo mstari unaosahaulika kuliko yote. R410A huongeza joto la dunia mara 2,088 kuliko hewa ukaa, kilo kwa kilo. Kiyoyozi chenye kilo 1.2 za gesi hiyo kikivuja chote, ni sawa na tani 2.5, zaidi ya nondo zote za ile sakafu yetu ya pili. R32 ni mara 675; R290, ambayo ni propani, ni kama 3, ila huwaka, kwa hiyo ina masharti yake ya ufungaji. Andika aina ya gesi kwenye mkataba. Andika pia kwamba fundi anayehamisha au kung'oa kiyoyozi lazima ainyonye gesi kwenye mtungi. Wengi hufungua nati na kuiachia hewani huku wakiongea na simu.

Paneli za sola nazo ziingie kwenye safu pamoja na hewa ukaa ya kuzitengeneza. Kwenye gridi ya makaa zitailipa mapema. Kwenye gridi ya maji, hesabu kabla ya kusifia.

Vinavyorudiwa

Zulia la miaka 10, katika miaka 60, hutandikwa mara sita. Sakafu ya plastiki ya miaka 15 hutandikwa mara nne. Terazo hutandikwa mara moja, na zege lililosuguliwa halihitaji kitu juu yake. Hapo ndipo mapambo ya ndani ya ofisi, yanayobadilishwa kila mpangaji anapohama, hulifikia hata zege kwa kaboni. Dari za kuning'inia ninazifuta kila ninapopata nafasi. Ficha mabomba na nyaya mahali panapofunguka, ili anayetengeneza bomba asivunje vigae.

Mwisho wa jengo huandaliwa siku ya kulijenga. Skrubu na boliti badala ya gundi na kulehemu. Mota ya chokaa kwenye tofali imara, kwa sababu tofali hutoka zima. Ya saruji kali hutoka na nusu ya tofali. Mwenye jengo apewe faili lenye michoro ya nondo, daraja la chuma cha kila mhimili, matamko ya bidhaa na aina ya gesi ya kila kiyoyozi. Baada ya mwaka wa kwanza wa kukaliwa, chukua bili za umeme na rekodi za kujaza gesi, uziweke kando ya ulichokadiria. Panapotofautiana sana, anza kwa kuangalia mitambo inayowaka usiku jengo likiwa tupu.